Umekamatwa na Trafiki Ukiwa Umekunywa: Namna ya Kuinusuru Leseni Yako

Kwa dereva wa Tabora, leseni ndiyo jembe lake. Anayevuta tumbaku kwa Fuso kutoka Kaliua na Urambo, anayepiga mchomoko (gari dogo la abiria) wa Nzega, kijana wa bajaji pale Ipuli, hata mwalimu wa Sikonge mwenye gari lake dogo la kwendea mjini: wote hao wakiambiwa leseni imezuiwa, nyumba nzima inayumba. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyekamatwa jana usiku, au mke wake, au kaka yake anayezunguka kituoni asubuhi hii asijue aanzie wapi.

Simfundishi mtu kukwepa sheria. Pombe barabarani inaua, na lami yetu ndefu iliyonyooka kuelekea Nzega au Kaliua haimsamehe dereva aliyesinzia. Lakini aliyekamatwa bado ana haki zake, na haki hizo zina saa na siku. Zikipita, kuzirudisha ni kazi. Na kama ajali imetokea, mtu ameumia au amefariki, acha kusoma hapa, tafuta wakili leo hii.

Kwanza, elewa unashtakiwa kwa lipi

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ina makosa mawili ambayo watu huyachanganya kuwa moja. La kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hili linaweza kuthibitishwa kwa macho: askari ameona gari linayumba, umeshuka huwezi kusimama, daktari amekupima akaandika alichokiona. La pili ni kuendesha pombe ikiwa imezidi kiwango kwenye damu. Hapa hata kama unatembea sawasawa na unaongea vizuri, namba ndiyo inayosema.

Kiwango kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kwa dereva wa gari la biashara, yaani basi, haisi, teksi, lori la mizigo, kiwango ni sifuri. Sifuri kabisa. Dereva wa basi hana "moja tu ya kuondoa uchovu".

Hapo ndipo wengi wanaponaswa asubuhi, wakiwa wameshalala na kuoga na wanaamini wako safi. Tupige hesabu. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa hiyo inapandisha kipimo kwa takriban miligramu 40. Mwili unaondoa kama miligramu 15 kwa saa, na mwendo huo hauongezwi na kahawa, wala supu ya mbuzi, wala maji baridi, wala usingizi. Sasa mtu kaanza saa 2 usiku, hadi saa 6 usiku kamaliza chupa tano. Ameingiza 200, mwili umeondoa 60, amebaki na 140. Saa 12 asubuhi basi linapotoka stendi, bado ana 50 mwilini. Akiwa na gari lake binafsi yuko chini ya kiwango. Akiwa dereva wa basi, amevunja sheria akiwa na abiria nyuma yake. Mpaka atakase mwili ni saa 3 na dakika kadhaa asubuhi. Hesabu hii ni ya kukadiria. Kwa mwanamke au mtu mwenye mwili mdogo kipimo kinapanda zaidi. Na kwa pombe za kienyeji kama wanzuki au kangara, ambazo hazina lebo wala kipimo, huwezi kuhesabu kitu chochote.

Jambo jingine: sheria haimgusi anayeendesha tu. Inamgusa anayejaribu kuendesha na aliye na dhamana ya chombo hicho akiwa amelewa. Mtu aliyeamua kulala garini nje ya baa amefanya la busara kuliko kuondoka, ila akalale kiti cha nyuma, na funguo amwachie mtu mwingine. Akilala kwenye usukani ufunguo ukiwa umechomekwa, anampa askari maswali.

Pale barabarani

Simamisha gari pembeni, zima injini, washa taa za tahadhari, toa leseni ukiombwa. Jibu jina lako na mambo ya gari. Ukiulizwa umekunywa ngapi, huna lazima ya kuanza kusimulia. "Mbili tu, afande" ni sentensi ambayo watu huitoa kwa kudhani inapunguza kosa, kumbe ni ushahidi wa kwanza kuandikwa dhidi yao.

Ukiambiwa upulize, puliza. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, na mahakamani kunaonekana vibaya. Lakini unaweza kuomba mambo kwa adabu. Kama umetoka kumeza bia dakika chache zilizopita, au umesukutua kwa dawa ya mdomo yenye kilevi, sema, na uombe kusubiri dakika 15 kabla ya kupuliza, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba isivyo halali. Omba uione namba kwenye kioo cha mashine, pamoja na kizio chake. Mashine nyingine zinaonyesha kiasi kilichomo kwenye pumzi na nyingine zinakigeuza kuwa cha kwenye damu. Miligramu 80 kwenye damu ni karibu sawa na miligramu 0.38 katika lita moja ya pumzi, kwa hiyo "0.38" na "80" zinaweza kumaanisha kitu kilekile. Dereva aliyeona "0.4" akacheka akidhani ni ndogo hakujua alichokuwa anakiangalia.

Kama una kisukari, au una homa kali, au umegonga kichwa, liseme hilo mapema na ulirudie. Sukari ikishuka sana mtu hupepesuka na kuongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi, na anaweza kufa selo huku wenzake wakisubiri alevuke. Omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, upelekwe hospitali. Tabora mjini ni Kitete au kituo cha afya kilicho karibu. Karatasi ya daktari ya usiku huo ina uzito kuliko maelezo yoyote utakayotoa miezi mitatu baadaye.

Usitoe hela. Najua ilivyo, najua maneno yanayosemwa gizani. Kutoa rushwa ni kosa sawa na kupokea, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na juu ya kosa la barabarani unajiongezea kosa jingine la jela. Ukiombwa hela, kariri jina au namba ya askari, muda na mahali, kisha piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bure.

Kituoni, saa nne za kwanza

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inawapa polisi muda wa msingi wa saa nne wa kukuhoji tangu walipokuweka chini ya ulinzi. Muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu, lakini hauongezeki wenyewe. Angalia saa. Kama simu imechukuliwa, uliza: "Afande, sasa hivi ni saa ngapi?" Na ukumbuke jibu.

Kabla ya kuandika maelezo ya onyo, anayekuhoji anapaswa kukueleza kosa unalotuhumiwa, kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kumpata wakili, ndugu au rafiki. Sentensi ya kutumia ni fupi: "Afande, naomba nimpigie mke wangu simu, na nitatoa maelezo akiwepo wakili au ndugu yangu." Huo si ukaidi. Isemwe kwa sauti ya chini, mara moja au mbili, basi.

Ukiamua kutoa maelezo, yasome kabla ya kusaini. Mtu aliyekunywa, saa 8 usiku, anasaini karatasi tatu bila kusoma hata mstari mmoja ili aachwe alale. Kesho yake anakuta imeandikwa ametoka baa akiwa "amelewa sana" wakati hakusema hivyo. Kama huwezi kusoma vizuri, omba usomewe. Kama kuna kosa, omba lirekebishwe na uweke saini yako pembeni ya marekebisho.

Kuhusu leseni yenyewe: ikichukuliwa, omba karatasi inayoonyesha nani ameichukua, lini na kwa sababu gani. Ndugu aliye nje apige picha karatasi hiyo siku hiyohiyo. Hali kadhalika gari: hali lilivyoingia uani, mizigo iliyomo, funguo ziko kwa nani. Kama gari ni la tajiri, yaani mwenye gari aliyekuajiri, mpigie mapema. Akiambiwa na konda kabla yako, umeshapoteza imani yake.

Dhamana

Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna stakabadhi ya dhamana kwa sababu hakuna malipo ya dhamana. Sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na makosa ya namna hii yana dhamana. Aliyekamatwa Jumamosi usiku ndiye anayeumia zaidi, maana mahakama mpaka Jumatatu. Ndugu zake wasikae nyumbani wakisubiri Jumatatu ifike.

Mdhamini aje na kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji anakoishi. Aje mtu mwenye makazi yanayojulikana, anayepokea simu. Akigomewa bila sababu, aombe kumwona mkuu wa kituo kwa utulivu, na ikishindikana apande ngazi hadi kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Masharti ya dhamana yaandike. Ukiambiwa uripoti kila Jumatano, ni kila Jumatano, hata kama tumbaku imeanza kushushwa na kazi zimejaa. Ukikosa siku ya kesi, hati ya kukamatwa inatoka, mdhamini wako anaingia matatani, na hakimu atakapofika kwenye adhabu atakuwa na sababu ya kukuona mtu asiyeaminika. Uzembe huu unaweza kuiponza leseni kama bia zenyewe.

Andika kila kitu kesho yake

Ukitoka, kabla hujalala, chukua daftari. Ulikunywa nini, ngapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, ulikula nini. Ulisimamishwa wapi, na askari alisema kwa nini amekusimamisha. Ulipuliza mara ngapi, namba ilikuwa ngapi, nani aliishika mashine. Kama ulitolewa damu: saa ngapi, na nani, chupa iliwekwa lebo na kufungwa mbele yako au la. Nani alikuwa nawe. Haya usiyaweke kwenye grupu la WhatsApp na usimsimulie kila anayekuuliza kijiweni. Ni ya wakili wako.

Wakili yuko mjini Tabora, na asiyemudu gharama asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wengine wako wilayani, Igunga, Nzega, Urambo. Hawatakusimamia mahakamani kama wakili, ila watakusaidia kuelewa hati ya mashtaka na kujua uende wapi. Anza kwa kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Siku ya mahakama: usiseme "ni kweli" kwa pupa

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Utasomewa shtaka, kisha utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Mtu amechoka, anataka alipe faini arudi kazini, na kuna atakayekuwa amemnong'oneza koridoni kwamba akikubali mambo yanaisha leo. Anasema "ni kweli, mheshimiwa". Inachukua sekunde mbili. Lakini aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Kwa kawaida anabaki na nafasi ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Na adhabu ya kosa hili haiishii kwenye faini. Mahakama ina mamlaka ya kusimamisha leseni, kuifuta, na kukuzuia kupata nyingine kwa muda itakaoutaja. Aliyelipa faini akafurahi, kisha akasikia leseni imefungiwa, ameuza mlango ili alipie kitasa.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, fahamu mambo haya. Shtaka ni lipi kati ya yale mawili? Tarehe, mahali, namba ya gari na daraja la leseni yako vimeandikwa sawasawa? Kama shtaka ni la kuzidi kiwango, ushahidi wa kiwango uko wapi: karatasi ya mashine, au ripoti ya damu? Kama hujapata muda wa kuongea na mtu anayejua sheria, una haki ya kuliambia benchi: "Mheshimiwa, naomba muda nipate wakili kabla ya kujibu." Ombi hilo si dharau.

Ukijibu "si kweli", mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwendesha mashtaka. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Maswali ya kumuuliza shahidi ni ya kawaida kabisa: nani alipima, amefundishwa kutumia mashine hiyo, mashine ilihakikiwa lini mara ya mwisho, muda gani ulipita kati ya kusimamishwa na kupimwa, kwa nini karatasi haina saini yangu. Kwa damu, fuata safari ya ile chupa kutoka kwenye mkono wako hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali: nani aliibeba, ilihifadhiwa wapi, namba ya lebo ni ileile? Penye pengo, sema kuna pengo. Usimtukane askari, usibuni uongo kwamba hukunywa kabisa wakati mhudumu wa baa anaweza kuitwa.

Na kama ni kweli ulilewa, ushahidi umekamilika, wakili ameona hivyohivyo? Basi kukiri kwa kuelewa ni njia ya heshima, na nguvu zako zihamie kwenye adhabu. Kumbuka tu kwamba baada ya kukiri utasomewa maelezo ya kosa. Sikiliza kila sentensi. Yakitajwa mambo ambayo hayakutokea, sema yapi unayakubali na yapi huyakubali.

Hakimu atakupa nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu. Watu husema "nina mke na watoto" halafu wananyamaza. Kila mtu ana mke na watoto. Mletee vitu vinavyoshikika: miaka uliyoendesha bila kosa, barua ya tajiri anayesema bado anakuhitaji, barua ya daktari au mshauri kama umeanza kutafuta msaada wa kuacha pombe, maelezo kwamba hapakuwa na abiria wala ajali, kama ni kweli. Kisha ongea waziwazi kuhusu leseni: "Mheshimiwa, naomba mahakama inapofikiria adhabu iniangalie kuhusu leseni, ndiyo kazi yangu ya pekee." Usipolitaja, hakimu hawezi kujua uzito wake kwako.

Kazini

Kukamatwa si kutiwa hatiani, na mwajiri anapaswa kufuata utaratibu kabla ya kukufukuza. Ukifukuzwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usihesabu kwa miezi, hesabu siku. Dereva wa gari la abiria akumbuke pia kuwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inawathibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara, na leseni ikifungiwa uthibitisho huo hauna pa kusimama. Jeshi la Polisi nalo limekuwa likitangaza kuwafungia leseni madereva wa mabasi. Ukipewa barua ya namna hiyo, jibu kwa maandishi na utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Wakati leseni imezuiwa, usiendeshe. Usifanye deiwaka, yaani kumshikia mwenzio gari kwa muda, usiku ukidhani hakuna anayejua. Kuendesha ukiwa umezuiwa na mahakama ni kosa jipya, na kesi ya pili huzika matumaini ya ya kwanza.

Hukumu ikitoka

Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi palepale, kwa barua. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na Tabora tunayo mjini hapahapa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu. Rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na siku za kusubiri nakala hazihesabiwi, ndiyo maana barua yako ya kuomba nakala iwe na tarehe na mhuri. Usidhani kukata rufaa kunakurudishia usukani. Mpaka uwe na amri ya mahakama ya maandishi mkononi, zuio liko palepale.

Muda wa zuio ukiisha, nenda na hukumu yako ofisi ya usalama barabarani, wathibitishe kwenye mfumo kwamba umemaliza, ndipo uende TRA, mamlaka ya mapato inayotoa leseni. Angalia kama leseni iliisha muda wake wakati imefungiwa, maana itabidi uihuishe. Kuna wanaoshauri ukaripoti kwamba kadi imepotea ili utolewe nyingine ukiwa bado umefungiwa. Usithubutu. Taarifa zako zimo kwenye mfumo, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kesi nyingine. Lipa faini zote zinazodaiwa kwenye gari na kwenye jina lako kwa namba ya malipo ya serikali, chapa stakabadhi, weka nakala moja garini na nyingine nyumbani pamoja na ile hukumu.